Gari la Viti Saba kwa Familia ya Kyela

Familia ya Busale, au ya kata nyingine yoyote ya Wilaya ya Kyela, inayotaka gari la juu lililotumika na lenye safu tatu za viti, haina budi kuanza kwa kuitazama njia kabla ya kuhesabu viti, kwa kuwa barabara ya Uyole hadi Kasumulu hushuka zaidi ya mita 1,000 kutoka Tukuyu mpaka tambarare ya Kyela, na njia za mashamba ya kakao na mpunga hunyeshewa mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka.

Toyota Vanguard, iliyouzwa Japani kati ya 2007 na 2013, ina bodi isiyotenganishwa na chesisi, hivyo ni nyepesi na hutulia kwenye lami, lakini safu yake ya tatu huwafaa watoto zaidi ya watu wazima, na ikifunguliwa, buti hubaki na nafasi ndogo sana ya mizigo. Land Cruiser Prado ya 2002 hadi 2009 ina bodi iliyofungwa juu ya chesisi inayojitegemea, kwa hiyo hustahimili matope na mashimo, ingawa vipuri na mafuta yake hugharimu zaidi.

Katika ukaguzi, fundi asiyelipwa na muuzaji auwashe mtambo ungali baridi, kwani injini ya Vanguard yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,362 imejulikana kwa kula oili inapozeeka, na moshi wa bluu ni dalili ya oili inayoungua. Zulia chini ya viti vya nyuma lifunuliwe, kwa sababu tope kavu au kutu mahali hapo huashiria gari lililowahi kuingia maji. Majaribio yafanyike mlimani, abiria wakiwa wamejaa, ili breki, rejeta na gia boksi vipimwe kwa uzito halisi.

Kwa anayeagiza mwenyewe kupitia bandari ya Dar es Salaam, bei ya mnada wa Japani ni mwanzo tu, kwa kuwa hufuatiwa na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, nyongeza ya uchakavu ya asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, na VAT ya asilimia 18. Anayenunua mkononi ahakikishe kuwa namba ya chesisi inalingana na kadi ya gari, na kwamba umiliki unahamishwa katika Mamlaka ya Mapato (TRA). Kwa kuwa Kasumulu ni njia ya kwenda Malawi, ajihadhari na gari la IT, yaani linalopita nchini bila kulipiwa ushuru, maana likiuzwa ndani kinyemela linaweza kukamatwa likiwa mikononi mwa mnunuzi.

Familia isafiriyo zaidi kwenye lami itafaidika na Vanguard iliyotunzwa. Inayobeba watu na magunia kwenye tope ichague Prado, mradi imebakiza fedha ya matengenezo ya mwaka wa kwanza.