Utangulizi: Miti, Mbuga na Kaboni Magharibi mwa Tabora

Misafara ya Wanyamwezi iliyobeba pembe za ndovu kati ya Ujiji na Bagamoyo iliyajua vizuri maji ya magharibi mwa Tabora. Masika mbuga zilijaa, na Mto Malagarasi ulivukwa kwa mitumbwi, tena kwa kulipa ushuru wa kivuko. Richard Burton na John Speke waliuvuka mwanzoni mwa 1858. Mafuriko yaliyomchelewesha mpagazi ndiyo somo letu: uoto unaoishi kwa kufurika na kukauka, na kaboni inayotunzwa ndani yake.

Mgeni wa fani hii aanze kwa miguu. Ukishuka kutoka mwinuko wa mitundu, miyombo na mininga, udongo wa kichanga unageuka mfinyanzi mweusi, na miti mirefu inakoma ghafla. Zinafuata nyasi na migunga. Huko mbugani vichuguu vinajitokeza juu ya maji vikiwa na vichaka vyake, maana miti mingi haiwezi kuishi mizizi ikikosa hewa kwa miezi. Mbele zaidi ni mafunjo matupu. Mabadiliko yote hayo huletwa na tofauti ndogo tu ya kimo cha ardhi.

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Hatukati mti ili kuipima: tunazungushia shina utepe kwenye kimo cha mita 1.3, tunatambua aina yake, kisha tunakadiria. Aina ina uzito mkubwa katika hesabu hiyo, kwa kuwa miti miwili yenye unene mmoja hutofautiana sana, mmoja ukiwa na mbao nzito na mwingine nyepesi. Kwa hiyo mrina asali wa Sikonge au Urambo, anayeujua kila mti na mwezi wake wa kuchanua, ni mwalimu halali wa fani hii.

Chini ya maji kuna hesabu nyingine. Pasipo hewa, majani na mizizi huoza polepole mno na kaboni hurundikana topeni, ingawa tope hilo hilo hutoa gesi ya methani. Mwaka 2017 watafiti walikadiria kwamba mboji ya misitu ya vinamasi katikati ya Bonde la Kongo imeshika takriban tani bilioni 30 za kaboni. Malagarasi nao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa Mto Lukuga kwenda Kongo.

Bonde la mito ya Malagarasi na Muyovozi liliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2000, likiwa na zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Kuni za kukaushia tumbaku hukatwa kwenye misitu ya miombo iliyo juu ya bonde hilo, na naona ni kosa kuichunguza misitu hiyo bila mbuga inayopokea maji yake.

Basi, msomaji, jifunze kwanza majina ya miti kwa Kinyamwezi. Kisha nenda mbugani Aprili maji yakiwa juu, na urudi Septemba kupima miti ile ile.