Gesi Haiponyi Injini Mbovu

Injini ya gari kuukuu huanza kulalamika muda mrefu kabla ya kuzimika. Katika eneo la viwanda la Doha, ambalo wengi hulijua kwa jina la Kiarabu la Sanaiya, gereji zimepangana kwenye mitaa inayoitwa kwa namba, na lalamiko kubwa la kiangazi ni gari kuchemsha. Joto la Qatar hupita nyuzi 45, na vumbi la jangwani hujaa kwenye mapezi ya rejeta mpaka hewa ikakosa njia.

Fundi mzoefu hakimbilii kununua vipuri. Hutazama kwanza rejeta, feni, pampu ya maji na themostati. Vyote vikiwa vizima, hufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, kisha huiwasha. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, gesi ya ndani ya silinda inapenya kwenye maji, na gasketi ya silinda hedi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kifuniko hicho hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwani maji yanayoruka humwunguza mtu vibaya.

Moshi nao husema. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli iliyozidi hewa, mara nyingi kwa sababu ya filta iliyoziba au nozeli inayovuja.

Injini inayomisi huchunguzwa kuanzia kwenye plagi. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inatoka kwenye silinda nzima. Yenye masizi makavu inaonyesha petroli nyingi. Iliyolowa oili inaelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Hapo hupimwa kompresheni, silinda moja baada ya nyingine. Silinda dhaifu ikimiminiwa kijiko cha oili na kipimo kikapanda, ringi zimechakaa. Kipimo kisipobadilika, tatizo huenda liko kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki kina thamani kubwa kwa magari ya zamani, kwa kuwa mengi hayana tundu la kuchomeka kompyuta ya kisasa.

Baada ya uchunguzi huo ndipo suala la kufunga mfumo wa gesi asilia ili gari liitumie badala ya petroli lifikiriwe. Qatar ina gesi tele tangu kugunduliwa kwa hazina ya North Field mwaka 1971, lakini sehemu kubwa husindikwa kuwa kimiminika na kusafirishwa kwa meli, huku magari ya watu binafsi yakiendelea kunywa petroli. Dar es Salaam imekwenda njia nyingine. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kutumika mwaka 2004, na leo teksi, bajaji na magari ya nyumbani hufungwa mitungi, ikiwemo katika karakana ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam.

Mtungi hubeba gesi iliyoshindiliwa kwa mgandamizo wa takriban bar 200. Kifaa maalumu huupunguza kabla gesi haijafika kwenye injini, na swichi humruhusu dereva kurudi kwenye petroli. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya karibu lita moja na nusu ya petroli. Hata hivyo, mtungi wa chuma hula nafasi ya buti na kuongeza uzito, na nguvu ya injini hupungua kidogo.

Gesi huhitaji cheche kali kuliko petroli, hivyo plagi na koili chovu zilizovumilika jana huanza kumisi leo. Vikalio vya valvu huchakaa haraka zaidi, na ringi zilizokwisha hubaki zimekwisha.

Hesabu ya mwisho ni kilomita. Teksi inayozunguka kutwa hurudisha gharama ya kufunga mfumo mapema; gari la kwenda msikitini au kanisani mara moja kwa wiki linaweza kufa kabla halijairudisha. Mwenye gari Doha ana jambo jingine la kutangulia: kubadili mfumo wa injini kunahitaji idhini ya mamlaka ya trafiki. Na popote gari lilipo, mtungi lazima uwe na cheti na upimwe upya kwa muda uliowekwa.