Aliyesema Hadharani Ameacha Deni

Kila inapokaribia tarehe 13 Juni, mdogo wangu huanza kupigiwa simu na watu ambao mwaka mzima hawakumkumbuka. Ana ualbino, anaishi Mwanza, anajua kuongea jukwaani, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 na kuadhimishwa mara ya kwanza mwaka uliofuata. Fulana zinachapwa, turubai linafungwa, watoto wanaghani ngonjera, mgeni rasmi anawasili akiwa amechelewa, kisha zinaanza hotuba. Ubaguzi unalaaniwa kwa sauti kubwa. Jioni picha zinajaa kwenye simu, na chini ya picha hizo haikosi mtu wa kuandika: "Hawa wanatafuta kiki tu."

Maneno hayo siyapuuzi. Wanaoyaandika si wajinga, na wakati mwingine wanasema kweli. Shaka yenyewe ni ya zamani kuliko simu. Waislamu wanafundishwa kuihofia ria katika swala na sadaka, na Wakristo wamesoma jinsi Yesu alivyowakataza wafuasi wake kupiga tarumbeta wanapotoa. Anayesimama mbele za watu akakemea ubaguzi, je, ameguswa na maumivu ya mwenzake, au anataka aonekane mwema?

Nimelelewa nyumba moja na mtu ambaye hotuba hizo zinamhusu, kwa hiyo swali hili limekuwa likila nasi mezani tangu utotoni. Naamini tunalipeleka mahali lisipojibika. Moyo wa msemaji hatuuoni. Tunachokiona ni maneno yake: yamesemwa wapi, mbele ya nani, yamemgharimu nini, na siku iliyofuata kulitokea nini.

Kwanza tujue kinachokemewa. Ualbino ni hali ya kurithi. Mwili unakosa, au unatengeneza kwa uchache sana, ile rangi inayoipa ngozi, nywele na macho weusi wake. Mtoto anazaliwa hivyo akipokea kinasaba husika kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa weusi tii wasijue kama wanacho. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ulaya na Amerika Kaskazini ni mmoja katika watu 17,000 hadi 20,000. Sayansi hiyo haikumfikia bibi mzaa baba. Mama akiwa bado kwenye uzazi, bibi alimtazama mtoto akasema, "Huyu hatoki kwetu," akatoka nje. Wanawake wengi wamefukuzwa kwenye ndoa zao kwa maneno ya aina hiyo.

Halafu kuna jua, na kuna macho. Mdogo wangu alikuwa haoni ubao hata akikaa dawati la mbele. Alifaulu kwa kunakili madaftari ya rafiki yake usiku. Ngozi isiyo na kinga inaungua, inatoa vidonda, na vidonda vingine vinageuka kansa. Watu wengi wenye ualbino katika nchi yetu wameuawa na kansa ya ngozi wakiwa bado vijana, kifo ambacho mafuta ya kukinga mionzi, kofia pana na shati la mikono mirefu vingeweza kukizuia. Hicho ndicho kifo cha kimya. Kile cha mapanga mnakijua: watu wenye ualbino kuuawa ili viungo vyao viuzwe.

Mwaka 2008, mauaji yalipokuwa yameshika kasi Kanda ya Ziwa, Vicky Ntetema, wakati huo mkuu wa ofisi ya BBC nchini, aliwaendea waganga akijifanya mfanyabiashara anayetaka utajiri, akafichua jinsi viungo vya binadamu vilivyokuwa vikipangiwa bei. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kujificha. Mwaka 2010 alipata tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari, na baadaye aliongoza hapa Tanzania shirika la Under the Same Sun, lililoanzishwa na Peter Ash, Mkanada ambaye mwenyewe ana ualbino. Sifa alipata, tena kubwa. Sijasikia mwenye akili timamu akidai kwamba tuzo ile iliugeuza ujasiri wake kuwa maonyesho. Basi sifa na ukweli vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama: tunadhani kimoja kikiingia, kingine lazima kitoke.

Watafiti wamejaribu kulipima jambo hili. Mwaka 2016 Jillian Jordan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha katika jarida la Nature majaribio ya michezo ya fedha. Mshiriki alimwona mchoyo akimnyima mwenzake, naye akapewa nafasi ya kumwadhibu mchoyo huyo kwa kutoa fedha zake mwenyewe. Waliomwadhibu waliaminiwa zaidi na washiriki wengine, na walipokabidhiwa fedha walizirudisha kwa uaminifu zaidi kuliko wasioadhibu. Lakini pia, walipopewa njia nyingine ya wazi ya kuonyesha wema wao, yaani kumsaidia mtu moja kwa moja, waliadhibu kwa uchache. Maana yake, hamu ya kuonekana mwema ilikuwepo kweli, na wema nao ulikuwepo. Mimi sikushangaa. Mama yangu alipenda majirani wajue kwamba nyumbani kwake hakuna mtoto anayelala njaa, na kweli hatukulala njaa.

Mdogo wangu akiwa kidato cha pili, tulipanda daladala pamoja kutoka Buzuruga. Kondakta alipokea nauli yake, akapaza sauti, "Leo nimebeba dili!" Wasomaji wa Kanda ya Ziwa wanajua maana yake: mtoto yule alikuwa mzigo wa kuuzwa. Abiria wakacheka. Mama mmoja aliyepakata ndoo ya dagaa akageuka, akasema, "Wewe kijana, huyo ni mtoto wa mwenzio. Mama yake angekuwa humu ungesema hivyo?" Kicheko kikakatika. Mzee wa siti ya nyuma akaongeza, "Mwombe radhi mtoto." Mwingine naye akadakia. Kondakta akageukia mlangoni, akaanza kuita abiria.

Simjui mama yule. Huenda alikuwa na uchungu wa kweli. Huenda alitaka gari zima lijue kwamba yeye ni mtu mwenye heshima zake. Nililoliona kwa macho yangu ni kwamba watu wale wale waliocheka ndio waliogeuka kumkemea kondakta. Hawakubadilika imani kati ya kituo kimoja na kingine. Walikuwa wamecheka kwa kudhani kila mtu anacheka, na mama yule akawaonyesha kwamba sivyo.

Jambo hili limechunguzwa kwa jirani zetu. Mwaka 2004 nchini Rwanda ilianza kurushwa tamthilia ya redio iitwayo Musekeweya, iliyotengenezwa na shirika la La Benevolencija, kuhusu jamii mbili zinazoingia kwenye chuki na baadaye kutafuta njia ya kupatana. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima makundi ya wasikilizaji wake, akayalinganisha na makundi yaliyosikiliza tamthilia nyingine iliyohusu afya. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yananirudisha daladalani. Imani binafsi za wasikilizaji zilibadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni picha waliyokuwa nayo kuhusu wenzao, yaani nini kinakubalika kusemwa na kutendwa, na pamoja na picha hiyo mwenendo wao. Makundi yalipoachiwa redio na kaseti za kutumia pamoja, waliosikiliza tamthilia ya afya walielekea kumkabidhi kiongozi wa eneo yakaisha; waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakapingana waziwazi, wakaamua kuvisimamia wenyewe kwa pamoja.

Kwa hiyo sauti ya hadharani ina kazi ambayo huruma ya kimyakimya haiwezi kuifanya. Jirani anayetuonea huruma akiwa ndani kwake, mlango umefungwa, hajamsaidia mdogo wangu chochote pale daladalani. Na yule anayewaziba midomo wote kwa kusema "wanatafuta kiki" namwomba atazame anayenufaika na ukimya huo. Kondakta yule angeufurahia.

Hata hivyo sitawatetea wote wanaosimama jukwaani. Baada ya mauaji kuanza, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa kwenye vituo na shule za bweni, kama Buhangija mjini Shinyanga, ili walindwe. Wengine walikaa miaka bila kumwona mama yao. Wageni walikuja na mchele na sabuni, na walipokuja walitaka picha. Mtoto ambaye jua linamuunguza na mwanga unamuumiza macho anasimamishwa uwanjani saa sita mchana, amepakatwa na mtu asiyemjua, hadi mpiga picha aridhike. Mzazi hakuulizwa. Hapo sihitaji kuingia moyoni mwa mtu, kwa sababu madhara yanaonekana kwenye ngozi ya mtoto. Vivyo hivyo kuna kauli inayorudiwa kila Juni, "Na hawa ni binadamu kama sisi." Anayeisema anadhani anatetea. Mdogo wangu anaisikia akiwa mstari wa mbele, na anajua kwamba mtu huyo ameona kuna haja ya kulithibitisha.

Tena kuna maneno ambayo hayapigiwi makofi. Mdogo wangu alipopeleka posa kwa familia moja ya Magu, kikao cha upande wa binti kiligawanyika. Haya nimesimuliwa na wifi yangu mwenyewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni. Baba yake mkubwa alisema ukoo hauwezi kujiletea mkosi kwa macho makavu. Wengine wakanyamaza. Mjomba wake mdogo, fundi baiskeli asiye na uzito wowote katika vikao vile, akasema, "Shemeji, kama ni damu, hata sisi tunaweza kuwa nayo na hatujui. Mkimkataa kijana wa watu kwa ajili ya ngozi, basi mimi msinihesabu kwenye mahari ya mtoto yeyote wa nyumba hii." Alikuwa anaacha fungu lake la ng'ombe, na alilijua. Baba mkubwa alikaa muda mrefu bila kuitikia salamu yake. Ndoa ilifungwa. Leo wana watoto, weusi wote, na wifi ananikumbusha kwamba kila mmoja wao amebeba kile kinasaba.

Nikipewa nafasi ya kumheshimu msemaji mmoja tu, nitamheshimu yule fundi baiskeli. Alisema mbele ya watu wake mwenyewe, waliokuwa na uwezo wa kumnyima kitu. Kulaani ubaguzi mbele ya wanaoulaani tayari ni rahisi. Kuulaani kwenye meza ya shemeji yako kunauma. Lakini maneno ya mjomba yaliokoa ndoa moja, na watoto wanaohitaji mafuta ni maelfu. Kwa hiyo tunamhitaji na mgeni rasmi, pamoja na picha zake.

Hilo nilifundishwa na mdogo wangu. Katika sherehe moja ya Juni, kwenye wilaya mojawapo ya Kanda ya Ziwa, kiongozi mmoja alimbeba mtoto, akageukia kamera, akatangaza kwamba halmashauri itatenga fedha za mafuta na kofia kwa kila mwenye ualbino wilayani. Nilikasirika. Nilimwambia mdogo wangu kwamba yule hata jina la mtoto hakuuliza. Yeye alikuwa ameshika simu, anarekodi.

"Dada, moyo wake atajuana nao Mungu," akaniambia. "Mimi nina sauti yake."

Yeye na wenzake wakaichapa ile ahadi neno kwa neno, na tarehe yake. Wakaiambatisha kwenye barua, ikapokelewa masjala, ikagongwa muhuri. Waliporudi kuulizia wakaambiwa faili halionekani, wakapeleka nakala. Wakampata diwani mmoja mama, akaisoma ile hotuba mbele ya baraza, huku aliyeitoa amekaa humo humo. Hakuweza kuikana, maana picha alizisambaza mwenyewe. Bajeti iliyofuata ilikuwa na kifungu cha mafuta. Si fedha nyingi. Yalinunuliwa makopo, yakagawiwa kliniki, na muuguzi akawaonyesha akina mama namna ya kuwapaka watoto nyuma ya masikio na shingoni, sehemu zinazosahaulika.

Makopo yaliisha kabla ya mwaka kuisha. Barua ya pili imeshafika masjala, na kiambatisho chake ni hotuba ileile.