Mtoto mdogo, pesa ndogondogo: jipange kabla ya usiku wa homa

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, basi unajua kwamba gharama zake hazipigi hodi. Asubuhi ni maziwa, saa nne daipa zimeisha, jioni kiatu kimoja hakionekani. Kesho yake anacheka peke yake kwa mara ya kwanza, au anapiga hatua tatu na kuanguka, na nyumba nzima inashangilia. Kulea ni hivyo: furaha na presha siku moja, wakati mwingine saa moja.

Wateja wetu wengi ni wazazi, na pesa nyingi zinazopita kwenye simu zao ni za watoto: nauli ya kliniki, dawa ya kikohozi, uji wa chekechea, za kumtumia shosho anayelea wajukuu. Leo tunaongea kuhusu pesa hizo, na mfano wetu ni Mitunguu.

Pesa ya ndizi na pesa ya daipa

Mitunguu iko upande wa chini wa Imenti Kusini, kaunti ya Meru, ukishuka kutoka Nkubu kuelekea Tharaka. Ni eneo la joto, lenye maji ya kunyunyizia mashamba, na ndizi zake zinajulikana hadi Nairobi. Familia nyingi hapa zinategemea mikungu: mnunuzi anakuja, mnaelewana bei, simu inalia, pesa imeingia.

Shida ni kwamba pesa ya ndizi huingia kwa mkupuo, lakini pesa ya mtoto hutoka kwa matone. Siku ya kuuza unajiona tajiri. Wiki ya tatu unatafuta shilingi 50 ya maziwa, na mkungu unaofuata bado haujakomaa.

Tupige hesabu ya daipa. Tuseme kipande kimoja dukani ni shilingi 25, na mtoto anatumia 3 kwa siku. Hiyo ni shilingi 75 kwa siku. Kwa siku 30 ni shilingi 2,250. Hakuna mzazi aliyewahi kutoa 2,250 kwa mara moja na kusema "hizi ni za daipa", kwa hivyo pesa hizo zinapotea bila kuonekana. Ukiuliza zilienda wapi, hakuna anayejua.

Dawa yake ni rahisi. Siku ile pesa ya mauzo inapoingia, kabla hujalipa deni la mtu yeyote, toa fungu la mtoto na uliweke kando kwenye akiba ya simu. Usiliache kwenye salio la kawaida, kwa sababu salio la kawaida halina mwenyewe: litanunua bando, tokeni za stima na soda ya mgeni. Kisha ukiweza, nunua pakiti kubwa siku hiyohiyo. Uliza bei ya pakiti, gawanya kwa idadi ya vipande vilivyomo, halafu linganisha na bei ya kipande kimoja. Mara nyingi anayenunua kimojakimoja ndiye analipa zaidi.

Mambo ambayo tarehe zake unazijua tayari

Wazazi husema watoto hawana ratiba. Ni kweli usiku, lakini si kweli kwa kila kitu. Fungua kile kijitabu cha mama na mtoto ulichopewa kliniki. Chanjo za kwanza ni za kuzaliwa. Zinafuata za wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Vitamini A huanza miezi 6 na hurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto afikishe miaka 5. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9, kisha inarudiwa miezi 18.

Chanjo hizi ni bure katika vituo vya serikali. Kinachomkwamisha mzazi ni nauli ya boda, na siku moja ya kazi iliyopotea. Mama anayefanya kibarua shambani akikosa siku, amekosa pesa ya siku. Kwa hivyo weka tarehe ya kliniki kwenye simu yako, na wiki mbili kabla yake anza kutenga nauli. Shilingi 20 kwa siku ikifika siku 14 ni shilingi 280.

Kuna pia bima. Tangu Oktoba 2024, SHA ndiyo imechukua nafasi ya NHIF. Kwa familia isiyo na mshahara wa kila mwezi, mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Kujisajili ni kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Hakikisha watoto wako wameandikwa chini yako kama wategemezi. Wazazi wengi hujiandikisha wenyewe na kusahau mtoto, halafu wanagundua wakiwa kwenye foleni ya hospitali. Na usimpe mtu yeyote pesa mkononi "akulipie SHA". Lipa mwenyewe kwa njia rasmi, na uweke ujumbe wa uthibitisho.

Jambo lingine lenye tarehe ni shule. Mtoto huanza PP1 akiwa na miaka 4. Ukiweka shilingi 100 kila wiki tangu azaliwe, kwa miaka 4 umeweka wiki 208, yaani shilingi 20,800. Sare, viatu, begi na vitabu vinapata pa kuanzia, na ile Januari ambayo kila mtu analia, wewe utakuwa unapiga picha za mtoto na begi linalomfika magotini.

Usiku wa homa

Sasa tuje kwa yale yasiyo na tarehe. Saa saba usiku mtoto anawaka moto. Hapo ndipo wateja wetu hufanya makosa mengi ya pesa, na si kwa ujinga. Mtu mwenye hofu hasomi kilichoandikwa kwenye kioo cha simu.

Kwanza, mtoto. Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, au akiwa amelegea na haamki vizuri, hizo ni dalili za hatari. Nenda hospitali mara moja. Usingoje kukopa kwanza, na usingoje asubuhi.

Pili, yale unayoweza kupanga leo mchana, ukiwa umetulia:

Hifadhi namba za watu wawili wa boda au teksi wanaokubali kutoka usiku. Mmoja akikosa kushika, unaye wa pili. Ziandike pia kwenye karatasi ukutani, maana simu inaweza kuzima chaji.

Weka akiba ndogo ya dharura ambayo haiguswi kwa jambo lingine. Hata kama ni ya nauli ya kwenda na kurudi Nkubu tu, hiyo ndiyo inakutoa nyumbani. Wakati mwingine mambo mengine yatapangwa mkiwa mmeshafika.

Kama mnalea wawili, kila mmoja awe na kitu kidogo kwenye laini yake. Pesa zote zikiwa kwa simu ya baba na baba yuko safari ya lori, mama anabaki na mtoto mgonjwa na salio sufuri. Wengine hutatua hili kwa kupeana PIN. Tunawaomba msifanye hivyo. Ni heri kutumiana pesa mapema kuliko kugawana namba ya siri.

Unapotuma pesa usiku, soma jina kabla ya kubonyeza. Kama jina si la unayemtumia, simamisha. Ukishatuma kwa mtu asiye sahihi, piga huduma kwa wateja papo hapo uombe muamala urudishwe, kabla pesa haijatolewa. Kila dakika ina maana.

Na mkopo wa simu? Upo, na usiku wa homa unaweza kuokoa maisha. Lakini ukikopa kila wiki kununua maziwa, ada zitakula maziwa ya wiki ijayo. Tumia mkopo kwa dharura, kisha uulipe pesa ya ndizi ikiingia.

"Mzazi, mtoto wako ameanguka shuleni"

Hii ndiyo sehemu tungependa usome mara mbili, kisha umsomee shosho.

Simu inalia mchana. Mtu anajiita mwalimu au daktari. Anasema mtoto wako ameanguka, ameumia kichwa, amekimbizwa hospitali, na anahitaji kufanyiwa upasuaji sasa hivi. Kwa nyuma unasikia mtoto akilia. Anataka shilingi elfu kadhaa zitumwe kwa namba fulani. Ukiuliza swali, anakukemea: "Mzazi, unauliza maswali na mtoto anakufa?"

Ni matapeli. Hawahitaji kujua mengi. Wanajua kwamba ukisikia mtoto ameumia, mkono unakimbilia simu kabla akili haijafika. Wengine hulenga wazazi wanaofanya kazi mbali: mama yuko Nairobi, mtoto yuko kwa shosho Mitunguu, na hakuna wa kuthibitisha haraka.

Fanya hivi. Kata simu. Ndiyo, hata kama wanakemea. Piga namba ya mwalimu au ya shule ambayo wewe mwenyewe uliihifadhi siku ya kuandikisha mtoto, si namba wanayokupa wao. Isiposhikwa, piga jirani, au mtu wa duka karibu na shule, aende akaangalie. Inachukua dakika tano.

Kumbuka pia: malipo ya hospitali huenda kwa akaunti ya hospitali, yenye jina la hospitali. Daktari anayetaka pesa ya upasuaji itumwe kwa laini yake binafsi, mtilie shaka. Na ukiona ujumbe kwamba "umepokea" pesa kimakosa, halafu mtu anakupigia akilia kwamba ilikuwa ya dawa ya mtoto wake, usirudishe chochote kabla ya kuangalia salio lako. Ujumbe unaweza kughushiwa, salio halidanganyi. Hata ukikuta pesa kweli imeingia, mwelekeze apige huduma kwa wateja, muamala urudishwe kwa njia rasmi.

Ongeeni kama familia, pamoja na dada wa kazi. Kubalianeni neno moja la siri ambalo mtu halisi wa nyumbani atalijua. Matapeli hawatalijua.

Mtoto akishika simu

Mwisho, yule mdogo mwenyewe. Simu ndiyo toy ya siku hizi, na hakuna mzazi ambaye hajampa mtoto simu ili apike chapati kwa amani. Hatukulaumu. Lakini simu hiyo pia ni pochi yako.

Weka namba ya kufungua simu, na iwe tofauti na PIN ya pesa. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wa mtoto kama PIN. Ndiyo namba ya kwanza mtu atakayejaribu. Mtoto akibonyeza namba ovyoovyo kwenye sehemu ya PIN, akaunti inaweza kujifunga, na hutapenda kulijua hilo ukiwa umesimama na boda usiku. Akifuta ujumbe wa malipo ya shule, usiogope: omba taarifa ya miamala yako, kila kitu kiko pale.

Mtoto wa miaka minne au mitano hata anaweza kuanza kujifunza. Mkienda dukani, mwonyeshe: "Tulikuwa na mia, tumenunua maziwa, tumebaki na hii." Haelewi kila kitu, lakini anaona kwamba pesa ya simu nayo huisha.

Wiki hii fanya mambo matatu tu. Hifadhi namba ya mwalimu na namba mbili za boda. Tenga fungu la mtoto kwenye akiba, hata kama ni shilingi 50. Kisha mpigie shosho umweleze kuhusu ile simu ya "mtoto ameanguka". Ukimaliza, mwombe akupe huyo mdogo muongee kidogo.