Trekta Linapochemsha

Februari na mwanzoni mwa Machi jua la mkoa wa Pwani huwaka kuliko miezi mingine, na ndipo matrekta ya Kibaha na Kisarawe yasipopumzika. Masika yanakaribia, kila mwenye ekari zake anataka zilimwe kabla ardhi haijalowa, na foleni ya wanaokodi ni ndefu. Dereva anatoka shamba hili kuingia lile bila kuzima injini. Ikifika saa nane mchana, mshale wa geji ya joto unaingia kwenye nyekundu na mvuke unafoka mbele ya boneti.

Hapo washauri hawakosekani. Mmoja atasema gasketi imeungua, mwingine ataapa kuwa ni wota pampu, wa tatu atataka thamostati ing'olewe na kutupwa. Mara nyingi wote watatu wamekosea, kwa sababu wameanzia ndani ya injini ilhali tatizo liko nje, mahali panapoonekana kwa macho.

Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi. Iliyobaki ni joto, na sehemu kubwa ya joto hilo hubebwa na maji. Wota pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda na hedi, yakipata moto hupita kwenye mpira wa juu hadi kwenye rejeta, na feni huvuta hewa ya kuyapoza kabla hayajarudi kupitia mpira wa chini. Njiani kuna thamostati, mlango mdogo ambao katika injini nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kifuniko cha rejeta nacho si kizibo cha kuzuia maji yasimwagike tu. Hushikilia shinikizo, na shinikizo la baa 0.9 huyafanya maji yachelewe kuchemka hadi karibu nyuzi 118. Raba ya kifuniko ikikatika au springi yake ikilegea, maji huchemka kwenye nyuzi 100 kama yaliyo jikoni. Trekta zima linaweza kusimama kwa sababu ya kifuniko.

Kisarawe ni nchi ya mikorosho na mihogo, na mikorosho ina adhabu yake kwa rejeta. Trekta linapopita chini ya miti kusafisha magugu, feni huvuta majani makavu, mbegu za nyasi na vumbi la mchanga, vyote vikanasa kwenye mapezi ya rejeta. Oili kidogo ikivuja mbele ya injini, uchafu huo hugandamana na hewa haipiti tena. Kwa mbele rejeta huonekana safi, kumbe nyuma ya wavu limezibwa. Dawa yake ni kulipuliza kwa hewa ya kompresa au kulisafisha kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kuanzia upande wa injini kuelekea nje, yaani kinyume cha njia ya feni. Kulipiga kwa maji ya kuoshea magari kutoka karibu hupinda mapezi. Katika msimu wa kazi nzito kama huo, kusafisha kila siku si kujisumbua.

Mkanda wa feni hukaguliwa kwa kidole gumba injini ikiwa imezimwa: ukibonyezwa katikati uingie ndani sentimita moja hadi mbili. Ukizidi hapo, unateleza, na katika injini nyingi mkanda huohuo ndio unaozungusha wota pampu. Mpira wa chini nao unaweza kuonekana mzima injini inapozunguka taratibu, kisha ukabanwa na mvuto wa pampu mara dereva anapokanyaga mafuta. Kosa hilo halionekani trekta likiwa limezimwa.

Kuna pia suala la maji yenyewe, na hapa wenyeji wa Pwani wana sababu ya kuwa waangalifu. Maji ya visima vingi vya ukanda huu yana chumvi. Yakimiminwa kwenye rejeta mwaka hadi mwaka, huacha magamba ndani ya mirija na kula chuma. Mwaka 2020 maji ya mradi wa Kibamba hadi Kisarawe yalifika mjini, lakini dereva aliyekwama shambani Maneromango hujaza kwa dumu lililo karibu. Afadhali ya mvua, na bora zaidi kulanti iliyochanganywa inavyoelekezwa. Wengi huidharau wakidhani ni ya kuzuia maji yasigande tu, na Kibaha hakuna barafu. Kazi yake huku ni nyingine: kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka.

Kibaha yenyewe si mgeni wa matrekta. Miaka ya 1980 yaliunganishwa hapo matrekta ya Valmet ya Ufini, na muongo uliopita Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) likaanza kuunganisha Ursus ya Poland katika eneo la viwanda la TAMCO, hapohapo Kibaha. Kampuni ya Ursus ilitangazwa kufilisika mwaka 2021. Kampuni ikifika hapo, mwenye trekta lake hana budi kutunza alichonacho, na mafundi hupata kishawishi cha kubahatisha.

Kishawishi kikubwa ni kuondoa thamostati. Trekta hupoa siku chache, mwenyewe akafurahi. Lakini injini sasa hufanya kazi ikiwa baridi mno, dizeli haiungui vizuri, oili inachafuka na silinda zinalika mapema. Isitoshe, tatizo la awali, rejeta lililoziba, liko palepale. Kuipima thamostati ni rahisi: itumbukizwe kwenye sufuria ya maji jikoni, na kama haijafunguka maji yanapoanza kuchemka, imekufa. Inunuliwe nyingine yenye namba ileile iliyogongwa juu yake.

Gasketi ishukiwe mwisho, ikiwa dalili zake zipo: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta mara injini inapowashwa ikiwa baridi na kifuniko kimetolewa, moshi mweupe usioisha, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

Trekta likichemka shambani, dereva apunguze mzigo na, kama bado lina maji, aiache injini izunguke taratibu dakika chache ili feni iendelee kuvuta hewa. Maji yakiwa yamekwisha, azime mara moja. Kifuniko kisifunguliwe kabla injini haijapoa, maana mvuke wake huchuna ngozi. Maji baridi yasimiminwe kwenye injini yenye moto; hedi itapasuka, na hapo gharama itakuwa kubwa kuliko kila kifuniko, mkanda na thamostati ambavyo vingeweza kubadilishwa mapema.