Ziwa Linapougua, Maziwa Hayaharibiki
Neno ‘maziwa’ huweza kumaanisha viungo vya mama au chakula cha mtoto. Utata huo usitupotoshe. Ziwa likivimba, likawa moto na gumu, mama akashikwa na homa na kutetemeka, aghalabu wiki chache baada ya kujifungua, kinachougua ni kiungo. Chakula kingali salama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usidhihirike, hivyo joto na maumivu ndivyo vya kuzingatiwa. Mama aendelee kunyonyesha kama kawaida, kwani kumwachisha mtoto ghafla huzidisha maradhi. Asilikande ziwa kwa nguvu. Alipoze kwa kitambaa cha maji baridi, na atumie parasetamoli. Asipopata nafuu kwa saa 24, amwone daktari: huenda akahitaji viuavijasumu. Likitunga usaha, utolewe hospitalini.