Magari ya zamani ya Marekani: yabaki kama yalivyotoka kiwandani ama yabadilishwe?

Aliyetazama filamu ya kwanza ya Fast and Furious, iliyotoka mwaka 2001, anaikumbuka ile Dodge Charger nyeusi iliyofichwa katika garaji ya Dom Toretto. Kapo imetobolewa, na juu yake kumesimama mashine kubwa ya kusukuma hewa ndani ya moteri. Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Lubumbashi walifahamu gari la aina hiyo kupitia sinema hiyo. Lakini Charger ya mwaka 1970 haikutoka kiwandani ikiwa hivyo. Kapo yake ilikuwa nzima, bila tundu la namna ile. Na hapo ndipo Wamarekani wanaopenda magari hayo wanagawanyika: je, gari la zamani lirudishwe kama kiwanda kilivyoliunda, ama mwenye nalo alifanye anavyotaka?

Wenyewe wanayaita magari «ya misuli». Mwaka 1964 kampuni ya General Motors ilikuwa na sheria yake ya ndani: magari ya ukubwa wa kati yasifungwe moteri inayozidi inchi 330 za ujazo, karibu lita 5.4. Mainjinia wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, wakapita pembeni. Walichukua Tempest, gari la kawaida, wakatia ndani yake moteri ya V8 ya inchi 389, na kuiuza kama nyongeza ambayo mteja anaomba. Wakaiita GTO. Chevrolet, Dodge, Plymouth na Ford wakaingia katika mashindano. Kijana mwenye kazi aliweza kununua gari lenye nguvu ya kutisha kwa bei asiyoshindwa kulipa. Kufikia mwaka 1970, Chevelle SS ilipatikana na moteri ya lita 7.4 iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450. Baadaye bima ilipanda, sheria za kuzuia moshi zikakazwa, na mgogoro wa mafuta wa 1973 ukamaliza karamu.

Mengi ya magari hayo yalienda mbele vizuri kuliko yalivyosimama. Freni za tamburi kwenye mapine yote manne zilikuwa jambo la kawaida. Aliyetaka diski za mbele aliongeza pesa. Ukishuka mlima mrefu na kukanyaga freni mara kwa mara, zinapata moto na kuanza kukataa. Dereva wa barabara ya Bukavu-Uvira hahitaji kuelezwa zaidi.

Ndiyo maana wengi wanabadilisha. Camaro ya 1969 inabaki na umbo lake la nje, lakini chini inapewa freni za diski, amortisere mpya, bwate ya vitesi ya kisasa, na mara nyingi moteri ya familia ya LS, ambayo Chevrolet ilianza kuitumia katika Corvette ya mwaka 1997. Moteri ile ya kwanza ilikuwa ya lita 5.7, ya aluminiamu, nyepesi, na haikuwa na karburateri ya kuhangaikia asubuhi ya baridi. Gari la namna hiyo wanaliita restomodi: sura ya zamani, roho mpya. Kila mwezi wa kumi na moja, maonyesho ya SEMA huko Las Vegas yanajaa kazi hizo. Baadhi ya magari yanatoka kwenye warsha kama Ringbrothers, ya mji mdogo wa Spring Green katika jimbo la Wisconsin, ambako hata kitasa cha mlango kinaweza kuchongwa upya.

Katika mwezi huohuo, huko Rosemont karibu na Chicago, kunakutana watu wa upande wa pili. Hapo waamuzi wanachungulia chini ya gari kwa taa ya mkononi. Wanaangalia kama alama za chaki za wafanyakazi wa kiwanda zimerudishwa mahali pake, kama rangi ilimwagika kidogo pale ilipomwagika mwaka 1969. Gari likiwa na rangi safi kuliko ya kiwanda linaweza kupoteza alama! Kwa mtu wa nje ni kichekesho. Kwao ni ushahidi.

Na ushahidi huo una bei. Mwezi wa sita 2014, huko Seattle, Plymouth Cuda ya 1971 isiyo na paa gumu, yenye moteri ya Hemi ya lita 7, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 3.5. Gari linalofanana nalo kwa macho, lakini lililotoka na moteri ndogo, halikaribii bei hiyo. Tofauti iko kwenye namba. Kwa Plymouth za wakati ule, herufi ya tano ya namba ya shasi inataja moteri, na Hemi ni R. Kwenye Camaro ya 1969 mambo ni magumu zaidi: namba ya shasi inaonyesha tu kama gari lilikuwa na silinda sita ama nane, haisemi kama ni SS ama Z/28. Hivyo wanunuzi wanatafuta sehemu ya namba ya gari iliyogongwa kwenye moteri, pamoja na karatasi ya kiwanda. Karatasi hiyo mara nyingine inapatikana imesahaulika kwenye springi za kiti ama juu ya tanki la mafuta, baada ya miaka hamsini.

Palipo na pesa, matapeli hawakosi. Gari la kawaida linavalishwa alama za SS, moteri kubwa inafungwa, namba zinagongwa upya. Mwenye kusema wazi kwamba gari lake ni nakala hana kosa, anayenyamaza anaiba.

Hata hivyo, mstari kati ya pande hizi mbili si mnyoofu. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 2020, huko Kissimmee, Florida, Ford Mustang ya 1968 aliyoendesha Steve McQueen katika filamu Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.74, malipo ya mnada yakiwa ndani. Familia moja iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000. McQueen mwenyewe aliandika barua mwaka 1977 akiomba kuinunua, bila kufaulu. Gari lilifika mnadani na kutu yake na rangi iliyochakaa. Lakini halikuwa la kiwanda pia: kwa ajili ya filamu, amortisere ziliimarishwa na alama zikaondolewa. Mabadiliko yale yamekuwa historia, na leo hakuna mwenye akili atakayeyarudisha nyuma.

Kwa hiyo swali lenye faida si lipi linapendeza. Ni lipi haliwezi kurudishwa. Amortisere na mapine vinafunguliwa kwa ufunguo na kuwekwa sandukuni. Chuma kilichokatwa kwa mashine, ama moteri ya asili iliyouzwa kama chakavu, havirudi. Chevrolet ilitengeneza Camaro ZL1 za 1969 zipatazo 69 tu. Kuikata mojawapo ni hasara kwa wote. Kwa Mustang hali ni tofauti: zaidi ya milioni moja ziliuzwa kabla hazijafikisha miaka miwili sokoni, nyingi zikiwa na silinda sita. Na asiyetaka kugusa chuma cha zamani ana njia nyingine: kampuni ya Dynacorn inauza karoseri mpya kabisa za Camaro ya 1969 na Mustang ya 1967.

Mjadala huu sasa unafika hata kwenye udongo wa Kongo. Mwaka 2021 Ford ilianza kuuza moteri ya umeme ya Mustang Mach-E peke yake, bila betri, kwa anayetaka kuifunga katika gari la zamani. Betri anaitafuta mwenyewe, mara nyingi kutoka gari la umeme lililopata ajali. Betri nyingi za aina hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini Kongo, huko Lualaba na Haut-Katanga. Wapenzi wa V8 wanalalamika kwamba gari lisilonguruma limekufa. Bado, moteri ya umeme iliyofungwa bila kukata shasi inaweza kutolewa kesho. Tundu kwenye kapo haliondoki.

Aliyenunua GTO mpya akiwa na miaka 20 mwaka 1964 amepita 80 sasa. Watoto na wajukuu wanafungua garaji na kukuta gari chini ya turubai. Mafundi wenye uzoefu huwaambia kwanza wainue kiti cha nyuma, wapapase kwenye springi, waone kama karatasi bado ipo.